Kabla bibi hajapanda ngazi: Kulala na familia katika nyumba za kale za Mji Mkongwe

Kila shule zinapofungwa, na kila sikukuu inapokaribia, boti kutoka Dar es Salaam hushusha familia nzima nzima katika bandari ya Malindi, Unguja. Saa mbili hivi za baharini huwa ndiyo sehemu rahisi ya safari. Maswali huanza pale familia inapoamua kwamba mara hii haitalala ufukweni wala kwa shemeji Mwanakwerekwe, bali ndani ya Mji Mkongwe wenyewe, kwenye nyumba ya ghorofa ya karne ya 19 yenye mlango wa nakshi, kitanda cha samadari na dari la boriti.

Picha za nyumba hizo zinavutia. Zinaonyesha vioo vya rangi, vidaka vya ukutani, roshani za mbao na chai inayonywewa darini jua likizama. Kisichoonekana kwenye picha ni ngazi. Wala haionekani harufu ya unyevu baada ya mvua ya masika, au umbali kati ya mahali gari linapoishia na mlango wa nyumba.

Kwa vijana wawili wenye afya njema, hayo ni sehemu ya raha. Kwa familia yenye bibi wa miaka 70 anayelalamikia magoti, mtoto wa miaka tisa mwenye pumu na mwingine wa miaka miwili anayepanda kila anachokiona, ni mambo ya kuulizwa kabla ya kulipa.

Nyumba iliyojengwa ipumue

Mji Mkongwe uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Nyumba nyingi zinazoonekana leo zilijengwa katika karne ya 19, wakati Unguja ilipokuwa makao ya masultani wa ukoo wa Busaid na bandari kubwa ya karafuu na pembe za ndovu, na pia ya watumwa hadi biashara hiyo ilipopigwa marufuku mwaka 1873.

Mafundi wa wakati ule walitumia vilivyokuwapo: mawe ya matumbawe, chokaa iliyochomwa kutokana na mawe hayo hayo, na boriti za mikoko, nyingi zikiletwa kwa majahazi kutoka delta ya Rufiji. Boriti ndiyo iliyoamua umbo la chumba. Kwa kuwa haiwezi kuvuka nafasi kubwa zaidi ya mita tatu hivi bila kubonyea, vyumba vya nyumba hizi vikawa virefu na vyembamba. Mgeni anayeshangaa kwa nini chumba chake kinafanana na ukumbi wa treni ana jibu lake hapo juu ya kichwa.

Kuta zina unene wa nusu mita na zaidi, kwa hiyo joto la mchana huchelewa kufika ndani. Dari liko juu sana. Katikati ya nyumba nyingi zenye mtindo wa Kiarabu kuna ua ulio wazi. Hewa ya moto hupanda na kutokea hapo, na hewa ya baridi kidogo huvutwa kutoka kwenye vichochoro vyenye kivuli. Nje nyumba huwa haina madoido zaidi ya mlango, kwa sababu maisha ya familia, hasa ya wanawake, yaliwekwa ndani. Nyumba zilizojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi zinatofautiana kidogo: duka mbele barabarani, makazi nyuma na juu, na roshani zinazotazama mtaa.

Chokaa ndiyo siri ya afya ya nyumba hizi. Ukuta wa mawe ya matumbawe hunyonya maji kutoka ardhini na kutoka kwenye mvua. Ukipakwa chokaa, maji hayo hutoka polepole na ukuta hukauka. Ukipakwa saruji, kama ilivyofanyika katika nyumba nyingi kwa kuwa saruji ni rahisi kupatikana na hukauka upesi, maji hukosa pa kutokea. Chumvi hujikusanya ndani, plasta huvimba na kubanduka, na vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani huanza kuoza. Ukuta unaoonekana mpya na laini kwa nje unaweza kuwa unaugua kwa ndani.

Ngazi ndiyo swali la kwanza

Ngazi za nyumba za kale ni za aina yake. Ni nyembamba, zimesimama wima, na mara nyingi kila kidato kina kimo chake. Mguu hauwezi kuzizoea kama unavyozoea ngazi za ofisini, ambako kila kidato ni sawa na kilichotangulia. Baadhi hazina pa kushika. Nyingine zimelainika katikati kwa nyayo za miaka zaidi ya mia moja.

Kwa mzee, kuanguka si jambo dogo. Mfupa wa nyonga ukivunjika katika umri huo, unaweza kumaliza uwezo wa kutembea bila msaada, na kulala kitandani kwa muda mrefu huleta vidonda, nimonia na damu kuganda kwenye mishipa. Hatari huongezeka kwa mwenye kisukari ambaye nyayo zake zimepoteza hisia, kwa anayetumia dawa za shinikizo la damu zinazoleta kizunguzungu anapoinuka ghafla, na kwa mwenye mtoto wa jicho.

Hatari kubwa zaidi huwa usiku. Mzee anaamka kwenda msalani, umeme umekatika, na kati ya kitanda na choo kuna vidato viwili ambavyo mchana alivipita bila kuvikumbuka. Bafu nyingi za nyumba hizi zimeinuliwa au zimeshushwa kutoka usawa wa chumba ili mabomba yapate pa kupita, na sakafu zake huteleza zikilowa.

Kwa hiyo, swali la kwanza kwa mwenye nyumba lisiwe bei. Liwe hili: chumba kiko ghorofa ya ngapi, kuna vidato vingapi, na kuna pa kushika mkono? La pili: choo kiko ndani ya chumba, na je, kuna kidato cha kuingilia? Mwenye nyumba anayeijua nyumba yake atajibu mara moja. Tochi ndogo karibu na mto na ndara zisizoteleza ni vitu vya bei ndogo vinavyozuia balaa kubwa.

Mtoto mdogo naye ana hatari zake. Kitanda cha samadari kimeinuka kutoka sakafuni kuliko vitanda vya kawaida, na vingine huwa na kibao cha kupandia. Mtoto wa miaka miwili aliyezoea godoro la chini anaweza kubiringika usiku. Katika baadhi ya nyumba madirisha huanza karibu kabisa na sakafu, yakiwa na nondo au vijiti vya mbao vilivyoachana. Darini, pale wageni wanapokunywa chai, ukingo unaweza kuwa chini ya kifua cha mtu mzima. Mzazi aende kuutazama kwanza akiwa peke yake, kabla watoto hawajajua kwamba kuna ngazi ya kwenda juu.

Bibi chini, mtoto juu

Hapo ndipo panapozuka mtihani wa familia nyingi. Akili ya kwanza ni kuchukua chumba cha chini kwa ajili ya bibi. Lakini zamani ghorofa ya chini ya nyumba hizi ilikuwa mahali pa kuhifadhi bidhaa, pa watumishi au pa duka. Ndiko kwenye mwanga mdogo na unyevu mwingi, kwa sababu maji ya ardhini hupanda kwenye ukuta kuanzia chini. Upepo wa bahari ulikuwa wa ghorofa za juu, na ndiko wenye nyumba walikolala.

Unyevu huleta ukungu. Ule weusi unaoonekana kwenye pembe za dari au nyuma ya kabati hutoa chembechembe zinazoelea hewani. Mtu mwenye pumu akizivuta, njia zake za hewa zinaweza kubana, akaanza kukohoa usiku na kifua kikapiga filimbi. Vumbi la plasta inayobanduka, mazulia ya zamani na mapazia mazito huongeza tatizo. Hata aliye mzima anaweza kuamka pua imeziba na macho yanawasha.

Ghorofa ya juu kabisa nayo ina kasoro yake. Zamani paa nyingi zilikuwa bapa, za mawe na chokaa. Kwa kuwa zilikuwa nzito na zilivuja, nyingi ziliwekewa mabati. Chumba kilicho chini ya bati huwa cha moto mchana, na kwa mzee mwenye shinikizo la damu au mama mjamzito, joto linalochanganyika na unyevu wa Unguja linachosha haraka. Wahimizwe kunywa maji hata kabla ya kiu.

Kwa familia ya mfano wetu, jibu linaweza kuwa kugawana: bibi apate chumba cha chini chenye dirisha linalofunguka na ukuta mkavu, akiwa na mtu mzima wa kulala naye. Mtoto mwenye pumu alale ghorofa ya kati, penye upepo na pasipo na bati juu yake. Nyumba ikiwa haina mpangilio huo, basi nyumba hiyo haifai kwa familia hiyo, hata mlango wake ungekuwa na nakshi nzuri kuliko yote Shangani.

Kabla ya kutoa mizigo, ingia chumbani na kunusa. Harufu ya ukungu haifichiki hata kwa udi. Gusa ukuta nyuma ya kitanda. Fungua madirisha yote kwa nusu saa. Mwenye pumu asafiri na dawa zake zote, ile ya kuzuia na ile ya kutuliza haraka, ndani ya mkoba wa mkononi na si kwenye begi linalobaki na mchukuzi.

Maji, mbu na kumbukumbu ya kipindupindu

Mji huu una historia ndefu ya kupambana na maradhi ya maji. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliua watu wengi sana Unguja. Daktari Mskoti aliyekuwa akifanya kazi hapa, James Christie, alifuatilia namna ugonjwa ulivyosafiri katika Afrika Mashariki na kuchapisha kitabu juu yake mwaka 1876. Wakati ule wakazi walitegemea visima vilivyokuwa karibu na vyoo.

Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeuletea mji maji ya bomba kutoka chemchemi za Chemchem, nje ya mji. Ni yeye pia aliyejenga mabafu ya Hamamni, ambayo wageni huyatembelea hadi leo. Kwa maneno mengine, mtawala anayekumbukwa kwa majumba yake alifanya kazi moja ya afya ya jamii ambayo huenda iliokoa roho nyingi kuliko kuta zake zote.

Leo maji ya kunywa yawe ya chupa au yaliyochemshwa. Nyumba nyingi hutegemea matangi ya juu, na tangi la zamani lisilosafishwa haliaminiki. Pakiti chache za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini hazina uzito katika begi, na kwa mtoto anayeharisha ndizo huduma ya kwanza.

Kuhusu mbu, Zanzibar imepiga hatua kubwa dhidi ya malaria katika miongo miwili iliyopita, lakini ugonjwa haujaisha na husafiri na watu, pamoja na familia zinazovuka kutoka Bara. Chandarua cha samadari huwa kizuri machoni. Kazi ni kukikagua kama kina matundu na kama kinafika chini ya godoro. Mbu anayeeneza homa ya dengi ni mwingine: huuma mchana, na huzaliana katika maji safi yaliyotuama kwenye vyungu vya maua, ndoo na matangi yasiyofunikwa. Ua wa ndani wenye mimea mingi na vyungu vilivyojaa maji unapendeza, lakini ni vyema kumwomba mwenye nyumba ayamwage.

Mtu akipata homa, apimwe kabla ya kumeza dawa ya malaria. Na kama dengi haijaondolewa kwenye orodha, atumie parasetamoli na aepuke aspirini, diklofenaki na ibuprofeni, kwa sababu zinaweza kuongeza uwezekano wa kutoka damu.

Somo la Desemba 25, 2020

Siku ya Krismasi mwaka 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba maarufu kuliko yote mjini, iliporomoka ikiwa kwenye ukarabati. Watu wawili walifariki dunia. Jumba hilo lilijengwa na Barghash mwaka 1883 na lilikuwa la kwanza mjini kuwa na umeme na lifti. Kama jengo lenye jina duniani, linalotazamana na bustani ya Forodhani, linaweza kuanguka mchana kweupe, nyumba ya kawaida ndani ya kichochoro haina kinga.

Eneo lote la urithi lina hekta 96 tu na majengo takriban 1,700. Mengi yametunzwa vizuri. Zahanati ya kale ya Ithnasheri pale Malindi, iliyoanzishwa kwa fedha za mfanyabiashara Tharia Topan, ilikarabatiwa miaka ya 1990 na taasisi ya utamaduni ya Aga Khan na sasa ni moja ya sura nzuri za mji. Mengine yamechoka. Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoundwa mwaka 1985, ndiyo inayosimamia na kutoa vibali vya matengenezo. Lakini kutunza nyumba ya chokaa kuna gharama, na hakusubiri.

Familia haiwezi kufanya kazi ya mhandisi, ila kuna ishara zinazoonekana kwa macho. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta ni jambo la kawaida. Ufa unaopita kona ya dirisha kwa mshazari na kuingiza kidole, au uliozibwa ukafunguka tena, si wa kawaida. Dari lililobonyea katikati, boriti zenye unga chini yake, ambayo ni dalili ya mchwa au dumuzi, ukuta uliotokeza tumbo, na mlango uliokuwa ukifungwa na sasa haufungi, zote ni dalili za nyumba kusogea. Miti iliyoota juu ya ukuta husukuma mizizi yake ndani ya mawe.

Wakati wa hatari zaidi ni wa mvua, masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli mwishoni mwa mwaka. Ukuta uliolowa ni mzito na chokaa iliyochoka haishiki. Hata kama nyumba unayolala ni imara, tazama ya jirani, kwa sababu katika mji huu nyumba hutegemeana bega kwa bega. Na usiwaache watoto wacheze chini ya roshani iliyofungwa kwa kamba au kutegemezwa kwa magogo. Kamba hiyo haikuwekwa kwa urembo.

Tazama pia waya za umeme. Katika nyumba zenye mbao nyingi, soketi moja iliyobebeshwa feni, birika na chaja nne ni mwaliko wa moto. Uliza nyumba ina milango mingapi ya kutokea, na mlango mkubwa ukifungwa usiku ufunguo hubaki kwa nani. Mlango wa nakshi wenye komeo zito ni kinga dhidi ya mwizi, lakini wakati wa moto lazima kuwe na mtu anayeweza kuufungua gizani.

Gari la wagonjwa halifiki mlangoni

Vichochoro vya Mji Mkongwe vilipimwa kwa watu na punda. Pikipiki hupita, na baiskeli, lakini gari huishia pembezoni. Mizigo hubebwa na wachukuzi au kwa mkokoteni. Hilo linamaanisha kuwa mgonjwa naye hubebwa.

Mji una bahati kwamba Hospitali ya Mnazi Mmoja iko ukingoni mwake, upande wa Vuga. Jioni ya kwanza, kabla ya kwenda Forodhani kula, familia itembee pamoja kutoka mlangoni hadi barabara ya karibu inayopita gari, na mtu mzima mmoja aihesabu njia. Vichochoro hupinda na kufanana, na aliyechanganyikiwa saa nane za usiku akiwa na mtoto anayehema kwa shida hatakuwa na muda wa kujifunza. Namba ya simu ya mwenye nyumba iandikwe kwenye karatasi pia. Simu huzima.

Wenye dawa za kila siku wabebe za kutosha na siku mbili au tatu za ziada, kwani bahari ikichafuka boti huahirishwa. Insulini inahitaji ubaridi, hivyo waulize kama kuna jokofu na kama kuna jenereta umeme ukikatika.

Kuna watu wanaishi humu

Ni rahisi kwa mgeni kuuona Mji Mkongwe kama jumba la makumbusho lenye vyumba vya kulala. Majina ya nyumba yanachangia. Kholle House inabeba jina la Sayyida Khole, binti wa Sultani Said bin Sultan na dada yake Sayyida Salme, ambaye kitabu cha kumbukumbu zake kilichapishwa mwaka 1886. Jumba la Mambo Msiige sasa ni hoteli ya Park Hyatt. Katika eneo la kanisa la Anglikana Mkunazini, pale lilipokuwa soko la watumwa, wageni hulala hosteli ya St Monica, na chini yake huonyeshwa vyumba vya giza vinavyoelezwa kuwa ndimo watumwa walimofungiwa. Mzazi anayewapeleka watoto pale awaandae kwanza. Mtoto wa miaka tisa anaweza kuelewa akielezwa kwa utulivu, na anaweza kukosa usingizi asipoelezwa.

Lakini ukuta wa pili kutoka kwa mgeni kuna familia inayopika, inayogombana na inayolaza watoto. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilichukuliwa na Serikali na kupangishwa kwa familia za kawaida, mara nyingine familia kadhaa ndani ya nyumba moja. Nyingine ni wakfu, zilizowekwa kwa ajili ya jamaa, maskini au misikiti. Kodi ndogo ziliwasaidia wakazi kubaki, ila hazikutosha kutengeneza paa.

Fedha ya mgeni ina pande mbili. Inaweza kulipa fundi chokaa na kuiokoa nyumba isianguke. Inaweza pia kuifanya kila nyumba iwe ya wageni, hadi wenyeji wahamie Ng'ambo na mji ubaki na milango mizuri bila majirani. Familia inayotaka fedha yake ifanye kazi ya kwanza iulize nyumba ni ya nani, nani anafanya kazi humo, na kama ina leseni ya Kamisheni ya Utalii. Kununua samaki, mkate wa mofa na mboga Darajani badala ya kila kitu hotelini nako kunabakisha fedha mtaani.

Adabu ni ile ile ya pwani. Piga hodi na usubiri karibu. Watoto wawaamkie wazee wanaokaa barazani, kwani baraza si benchi la mtaa tu bali ni sehemu ya nyumba ya mtu. Mabega na magoti yafunikwe. Usipige picha za watu bila idhini, na usichungulie ua wa watu hata kama mlango uko wazi. Mwezi wa Ramadhani, asiyefunga, wakiwamo watoto na wagonjwa, ale ndani. Adhana ya alfajiri itasikika, tena kutoka misikiti kadhaa. Kwa mzee anayelala kwa shida, chumba cha upande wa ua huwa kimya zaidi kuliko cha upande wa kichochoro.

Nani abaki, nani akalale kwingine

Wapo ambao ni heri walale nje ya Mji Mkongwe na kuja mchana: aliyefanyiwa upasuaji hivi karibuni, mwenye ugonjwa wa moyo unaombana akipanda ngazi, mama mjamzito anayekaribia kujifungua, mtoto aliyelazwa kwa pumu wiki chache zilizopita, na mzee anayetumia kiti cha magurudumu. Hawatakosa mji. Vichochoro, Ngome Kongwe, Forodhani na soko vinaweza kuonekana kwa siku mbili za kutembea taratibu, penye kivuli, kwa kupumzika njiani.

Wengine wote wanaweza kulala ndani ya kuta hizi na kufaidi. Mtoto anayelala chini ya boriti na kuambiwa zilitoka Rufiji, anayegusa chokaa na kuona kwamba haina joto mchana wa jua kali, anajifunza jambo ambalo kitabu cha shule hulitaja kwa mstari mmoja: kwamba babu zake wa pwani walijua kujenga kwa kufuata hewa, jua na maji ya mahali pao, bila kiyoyozi.

Kabla ya kutuma fedha, mzazi apige simu na kuuliza mambo matano: ngazi na vidato, unyevu na madirisha, hali ya ukuta na paa, njia ya kutokea usiku, na umbali hadi gari linapofika. Majibu yakiwa ya kubabaisha, aaage kwa heshima na kutafuta nyumba nyingine. Mji una nyingi, na zilizotunzwa hazioni taabu kuulizwa.